Tabaka la Mashimo

Mashimo thelathini na moja ya Lusangi niliyachora mimi, na kila moja lilikuwa mahali pake. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye watu wengi walidai kwamba ramani ile ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya. Ilikuwa sahihi kuliko ilivyotakiwa, na ubaya wote ulitokea hapo.

Ilikuwa ramani ya mashindano. Clovis, aliyekuwa jirani yetu hapa Kasongo tangu mimi niko shule ya msingi, alirudi kutoka Bukavu na shahada ya jiografia na kompyuta mbili, akaanzisha klabu ya mchezo ambao hatukuwahi kuuona. Mkimbiaji anapewa ramani na dira, anaambiwa atafute vituo kumi porini, kila kimoja kimefungwa kitambaa cha rangi ya machungwa, na hakuna mtu wa kumwonyesha njia. Anayejua kusoma ardhi anampita mwenye miguu mirefu. Mimi nilikuwa na diploma ya sekondari na sina kazi. Niliposikia kwamba anatafuta mtu wa kuchora, nilifika kwake asubuhi iliyofuata kabla hajanawa uso.

Alinifundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kwa miezi mitatu nilikaa mbele ya QGIS, ile programu ya kuchorea ramani, nikijifunza kupanga tabaka juu ya tabaka: maji kwa buluu, mistari ya kontua kwa kahawia, kichaka kizito kwa kijani, mashamba na nyasi kwa manjano. Programu ilizungumza Kifaransa. Matabaka yangu niliyapa majina yetu: kilima, kibonde, korongo, kichuguu, kijito, shimo. Clovis alicheka, akasema hakuna mtu Ulaya atakayeelewa. Nilimjibu kwamba watakaokimbia hawatoki Ulaya.

Jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba setilaiti haioni ardhi, inaona vichwa vya miti. Penye miti mirefu kompyuta inakuambia pana kilima, kumbe ni tambarare. Penye korongo lililofunikwa na matawi inakuambia pako sawa, na mtoto anayekimbia atavunjika mguu. Kwa hiyo ramani ya mchezo huu huchorwa kwa miguu. Unatembea, unahesabu hatua, unaandika, unarudi kwenye kompyuta unasahihisha. Kichuguu kinachompita mtu kimo kina alama yake. Shimo lina alama yake pia, herufi V nyeusi, ndogo kama tundu la sindano.

Mahali pa mashindano alipachagua Clovis. Alisema tunahitaji kilima chenye vijito na vichaka vya aina nyingi, na watu watakaotupokea. Kisha, kama mtu aliyekumbuka ghafla, akauliza kama si shangazi yangu anayeishi Lusangi.

Ndiye. Shangazi Marcelline, mdogo wa baba yangu, mjane mwenye shamba la muhogo na sauti inayosikika ng'ambo ya mto. Kule Lusangi watu hulima, na wasipolima huchimba dhahabu. Wanaume hushuka mashimoni na pau za kuchimbia na karai. Wanawake hubeba mchanga na kuuosha mtoni. Mwanamke hashuki. Hilo si jambo la kujadiliwa. Wanaume wanasema mwanamke akiingia shimoni dhahabu inakimbia, na wamesema hivyo tangu babu zao.

Kwa sababu ya mashimo hayo, kapita Atumani, mkubwa wa pale, hakutupa ruhusa kirahisi. Alituweka barazani kwake na wazee wengine akauliza nani ataiona hiyo ramani. Nilimfungulia ramani ya mfano. Nikamweleza kwamba shimo lisilochorwa ndilo litakalommeza mtoto wa watu, na kwamba kwenye karatasi mashimo yote ni herufi moja tu, haijulikani lipi la nani wala lipi lina kitu. Aliitazama ile karatasi mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akasema sawa, lakini jina la mtu lisionekane. Nikasema halitaonekana. Nilimaanisha.

Tulitembea siku kumi na moja, mimi na Shangazi. Yeye mbele na panga, mimi nyuma na simu na daftari. Alijua kila shimo, na hapo ndipo nilipoanza kukosea bila kujua. Pale Lusangi hakuna anayekuambia shimo lililo mashariki ya kijito, hatua mia mbili kutoka njia panda. Wanakuambia shimo ya Fadhili. Shimo ya marehemu Jean-Marie. Shimo linaitwa kwa aliyelifungua, hata akifa, hata likifunikwa na nyasi. Nikitaka kurudi mahali kuhakikisha jambo, nilipaswa kuuliza kwa jina, maana namba zangu hakuna aliyezijua. Basi katika jedwali lililo nyuma ya mchoro, lile lisiloonekana kwenye karatasi, nikafungua safu ya "jina".

Nikafungua na ya pili, "hali". Shimo ni hai au limekufa. Shimo hai lina mdomo wazi na udongo unaoporomoka, na lina wanaume wasiotaka watoto wapite wakipiga kelele. Nilitaka njia za watoto zikae mbali na mashimo hayo, angalau hatua mia. Kwa hiyo kila jioni Shangazi alikaa kando yangu akinitajia: hili hai, hili limekufa, hili lilikufa lakini wamelirudia. Nikaandika yote.

Siku ya mwisho alisimama nyuma ya shamba lake la muhogo, akaangalia huku na huku, akaondoa matawi makavu. Chini yake palikuwa na shimo jembamba, upana wa mabega ya mtu mmoja asiye mnene.

"Hii usiambie mutu," alisema. "Lakini nikikuficha, na mutoto akitumbukia humu siku ya kukimbia, nitalala je?"

Nikamuuliza nani analichimba. Akanitazama kama anayenipima akili.

"Mimi. Tangu bwana yangu alikufa. Walisema ikiona mwanamuke itakimbia. Mimi haijanikimbia."

Alicheka, nami nikacheka, tukarudisha matawi pamoja. Mwanawe wa kuzaa alikuwa halijui shimo lile. Nilijisikia mtu mzito siku hiyo. Jioni, kwenye safu ya jina, sikuandika Marcelline. Niliona kwamba hilo lingekuwa kumwanika. Niliandika "Shangazi". Kwenye safu ya hali nikaandika "hai". Nikafunga kompyuta nikiamini nimemficha.

Ramani ilipokamilika Clovis aliomba faili. Nilimpa picha iliyo tayari kuchapwa. Akasema hapana, anataka faili yote, matabaka yote, kwa sababu wataalamu wa mchezo walio nje lazima waikague kabla ya watoto kukimbia. Nikamwambia ndani kuna majina, ngoja niyafute. Akanizuia. Alisema anahitaji kuona mashimo hai ili apange vituo mbali nayo, na akishapanga atayafuta yeye mwenyewe. Nilimtazama usoni aliposema hivyo. Hakukwepa macho. Nikachomoa flashi, nikamwekea mkononi.

Mashindano yalifana. Wanafunzi arobaini na wawili, wengine kutoka Nyangwe, wengine kutoka Wamaza kwa pikipiki, walitawanyika kilimani na karatasi yangu mkononi, wakarudi wote wakiwa na matope na wazima. Msichana mmoja wa Kasongo, Aicha, aliniambia kwamba alifumba macho katikati ya kichaka, akafumbua, na kichuguu kilikuwa palepale niliposema kiko. Nilishinda wiki nzima nikilitafuna neno hilo kama muwa.

Mwezi haukuisha, Shangazi akaja Kasongo. Hakuwa amesema kama anakuja. Alishuka kwenye pikipiki mlangoni kwetu, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakataa maji, akakataa kiti cha ndani. Alikaa kwenye kizingiti akanieleza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Walikuja wanaume wanane wa koperative mpya, ushirika wa uchimbaji ambao hakuna aliyeujua. Walikuwa na karatasi yenye mihuri inayosema kilima ni chao kuchimba, na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Hakuna aliyewaonyesha kitu. Waliyapita mashimo yaliyokufa bila kugeuza kichwa, wakaenda moja kwa moja kwenye yaliyo hai, wakapiga kigingi. Watu wote wa pale walikuwa wakiwafuata nyuma, wanaume na wanawake, kapita Atumani akiwa mbele. Na kwenye kila shimo yule mkubwa wao alisoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi aliyoshika: namba, jina, hali. Namba tisa, Fadhili, hai. Namba kumi na nne, Élysée, hai. Watu wakaanza kutazamana.

Kisha wakaingia ndani ya muhogo.

"Akaondoa matawi yangu kwa muguu," Shangazi alisema. "Akasoma: namba makumi tatu na moja, Shangazi, hai. Watu wakauliza, shangazi wa nani? Halafu wote wakanigeukia mimi."

Hapakuwa na la kuuliza zaidi. Mtoto mmoja tu alizunguka kile kilima siku kumi na moja akiita shangazi, shangazi.

Walichosema wanaume, alinieleza kwa kifupi. Kwamba amewauza. Kwamba aliwatembeza wageni kwenye mashimo ya wenzake huku la kwake amelificha. Kwamba ndiye aliyeshuka shimoni, ndiyo maana kilima kimewakataa miaka hii miwili. Walimzuia mtoni, karai lake lilitupwa juu ya nyasi. Keshokutwa wangekaa barazani kuamua kama ataendelea kuishi pale.

"Sikuja kukugombeza," akasema. "Nilikuja nijue kitu kimoja. Uliwauzishia, ao ulinyanganywa?"

Nilimwambia sikuuza. Nilimwambia nilimpa Clovis. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea jibu la tatu ambalo hakuliweka kwenye swali.

Clovis nilimkuta kwake, mezani, kompyuta zote mbili zikiwaka. Aliinuka kunisalimia, akaniita dada, akanivutia kiti. Nyuma yake ukutani palikuwa na ramani yangu, imechapwa kubwa kama mlango. Niliitambua kabla sijaisoma, jinsi mama anavyomtambua mtoto kwa kisogo. Kilima, kibonde, korongo, kichuguu. Maneno yangu yote walikuwa wameyaacha kwa Kiswahili changu, hawakuona haja ya kuyabadili. Mashimo hai yalikuwa yamepakwa nyekundu. Pembeni chini, mahali nilipoandika kwamba imechorwa na Arlette, palikuwa na alama ya koperative.

"Uliniambia utafuta majina," nikasema.

Alisema alitaka kufuta, kazi zikawa nyingi.

"Umefuta moja. La kwangu."

Hapo ndipo alipoacha kutabasamu. Hakunipandishia sauti, angenipandishia ningejua la kufanya. Alinieleza polepole, kama alivyonieleza kontua. Kwamba koperative imemwajiri kama mtaalamu wa ramani, kazi halali yenye mkataba. Kwamba kilima kile kingechukuliwa na mtu mwingine hata kama mimi nisingezaliwa. Kwamba ardhi ni ya serikali na ramani haina mwenyewe. Nikamuuliza kama aliwajua watu hao kabla ya mashindano. Akapangusa kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati. Nikauliza tena.

"Kukimbia kwa watoto kulikuwa kwa kweli, Arlette," akasema. "Na hii nayo ya kweli. Vyote viwili vilikuwa."

Basi alikuwa anajua siku aliponiuliza kama si shangazi yangu anayeishi Lusangi. Hakuhitaji mchoraji, wachoraji wangepatikana. Alihitaji mpwa wa mtu. Nilikumbuka miezi mitatu ya kufundishwa, uvumilivu wake nilipokosea jambo moja mara tano, na kila sifa aliyonipa. Sikuweza kujua ipi ilikuwa sifa na ipi ilikuwa chambo, na hilo liliniuma kuliko vigingi.

Nilimwambia aje nami Lusangi akaseme mbele ya watu kwamba Marcelline hakuuza kitu. Akasema haifai, kwamba yeye ni mtu wa koperative sasa, na watu wana hasira.

"Lakini tuseme ukweli," akaongeza. "Mimi sikuandika jina hata moja. Fungua faili uangalie. Kila herufi iko ya mukono wako."

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiambia kwamba wanataka ramani nyingine, upande wa Wamaza, na kwamba amewatajia mimi. Nikatoka nje. Nimefikiria majibu mengi tangu siku hiyo, mazuri, yanayokata. Yote yamekuja nikiwa peke yangu.

Siku ya baraza nilifika Lusangi mapema. Shangazi alikuwa ameketi upande wa wanawake, mgongo wima, mikono mapajani. Hakunionyesha mahali pa kukaa. Wanaume walisema kwanza, na walisema sana. Fadhili, ambaye shimo lake sasa linachimbwa na vijana wa koperative, alisema kwamba miaka miwili wamevunjika migongo kwa mchanga mtupu, kumbe mwanamke yumo ndani ya muhogo anaifukuza dhahabu.

Mwanamke mmoja nyuma, sikuona nani, akasema, "Mulisema ikiona mwanamuke itakimbia. Sasa ilikimbilia kwa nani?"

Wanawake wakacheka, hata wanaume wawili watatu wakainamisha nyuso. Kapita Atumani akangoja kicheko kiishe. Nikaomba ruhusa ya kusimama.

Nilieleza yote. Nilieleza jedwali lililo nyuma ya mchoro, safu ya jina na safu ya hali, kwa nini niliziweka, nani nilimpa na aliniahidi nini. Nilisema Marcelline hakuona hata faranga, na shimo lake alinionyesha kwa sababu aliwaogopea watoto wa watu, watoto ambao wengine walikuwa wa waliokaa pale. Nilisema kwamba niliahidi mbele ya kapita jina halitaonekana, na nikaliandika.  

Kapita Atumani aliuliza jambo moja. Je, nikimwomba huyo Clovis, au nikienda serikalini, naweza kuyatoa majina yale kwenye karatasi ya koperative?

Nikasema hapana. Faili ikishanakiliwa imenakiliwa.

Akasema basi. Wazee waliinamiana, wakanong'ona, wakakubaliana haraka kuliko nilivyotegemea. Nadhani walichoka, au walihitaji kila mkono uliobaki. Shangazi atakaa. Karai lake arudishiwe, na mtoni asizuiwe. Mambo ya kushuka shimoni, kapita hakuyataja kabisa, akayapita kama maji yanavyopita jiwe. Lakini sharti liko moja: nyumba ya Marcelline isilete tena mgeni kilimani.

Shangazi aliinua kichwa. "Arlette haiko mugeni," akasema. "Iko mutoto wetu."

"Ndiyo," kapita akajibu. "Mugeni hatungemuonyesha mashimo."

Watu walianza kuinuka, ila hawakuondoka. Walisimama vikundi vikundi, wanaume na pau begani, wanawake na makarai, wakizungumza mambo yasiyo na maana, wakinitazama na kuangalia pembeni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wananingoja niende. Walikuwa na mahali pa kwenda, kilima kingine, kijito kingine, na hawangepiga hatua ya kwanza mimi nikiwa nawaona.

Shangazi alinisindikiza mpaka nyuma ya nyumba yake. Alinifungia muhogo uliochemshwa na samaki wawili wakavu katika jani la ndizi, akanirekebisha kola kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Nikageukia njia ya mkato, ile inayopita porini na kutokea kwenye daraja la miti. Akanishika mkono.

"Pitia barabara, mama," akasema.

Nikapitia barabara. Ni ndefu na ya jua, na haina kona. Ukigeuka unaonekana umegeuka. Nilitembea mpaka niliposikia nyuma yangu pau zikigongana na watu wakianza kuondoka, upande ambao sikuweza kuujua. Sikugeuka.